Herufi Isiyosikika Ina Kazi Yake

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anamaliza darasa la saba akiwa na imani moja kuhusu maandishi, na imani hiyo haijawahi kumwangusha: neno huandikwa kama linavyotamkwa. Mtamkie polepole neno ambalo hajapata kulisikia maishani, silabi kwa silabi, ataliandika sawasawa. Kiingereza amekisoma kama somo, kwa sentensi fupifupi, na maneno yake magumu ameyameza kwa kukariri. Kisha anaingia Kidato cha Kwanza. Baiolojia, jiografia, historia, hisabati, yote yanageuka kuwa ya Kiingereza kwa mkupuo mmoja, na hapo kukariri kunamshinda, maana maneno mapya yanamjia kila kipindi. Akinyoosha mkono kuuliza kwa nini “sign” ina herufi g wakati haisikiki, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, wewe shika tu.

Jibu hilo linaniuma kwa sababu si la kweli, na mwalimu anayelitoa naye alipewa hilohilo alipokuwa anakaa kwenye dawati. Tahajia ya Kiingereza ina utaratibu. Ni utaratibu tofauti na wetu, lakini unaeleweka na unafundishika, na mtoto aliyesoma sarufi ya Kiswahili amekwisha kupewa nusu ya zana anazozihitaji. Anajua mzizi ni nini. Anajua kiambishi awali na kiambishi tamati. Ameshanyambua “soma” akapata somea, somesha, msomi, masomo na usomaji, akapata na alama zake za mtihani kwa kazi hiyo. Tunachokosea ni kumwacha aziache zana hizo mlangoni anapoingia kipindi cha Kiingereza.

Tuanze na jambo ambalo kila msomaji wa sura hii analijua bila kufundishwa. Anayepika ni mpishi. Sauti ya k katika “pika” imegeuka kuwa sh. Anayelinda ni mlinzi, anayefuata ni mfuasi, anayeiba ni mwizi. Sisi tunapoandika tunalifuata sikio: sauti ikibadilika, herufi nayo inabadilika, hata kama mzizi ni uleule. Hakuna Mswahili anayeshindwa kuona kwamba mpishi ametokana na kupika, ingawa k imekwisha kutoweka.

Sasa tazama Kiingereza. “Music” huishia kwa sauti ya k. Mwanamuziki ni “musician”, na pale palipokuwa na k panasikika sh, badiliko lilelile la pika na mpishi. Lakini herufi haikuguswa. Ilikuwa c, imebaki c. Ndivyo ilivyo kwa “magic” na “magician”, na kwa “electric” na “electrician”. Ukienda mbele kidogo hadi “electricity”, c hiyohiyo inasomwa s. Sauti tatu, herufi moja, na sababu ni moja: anayeandika anataka jicho lione kwamba maneno haya ni ya ukoo mmoja. Kiswahili kinaandika sauti na kumwachia msomaji autambue mzizi. Kiingereza, katika sehemu kubwa ya msamiati wake, kinauandika mzizi na kumwachia msomaji aijue sauti.

Mwanafunzi akilielewa hilo, mambo mengi yaliyoonekana ukorofi yanakaa sawa. Chukua kiambishi cha wakati uliopita. “Jumped” huishia kwa sauti ya t, “played” kwa sauti ya d, na “painted” inaongeza silabi nzima. Tungeandika kwa sikio tungekuwa na tahajia tatu. Kiingereza kinaandika -ed kote, kwa sababu kazi ni moja kote. Mwanafunzi anayeandika “jumpt” hajafanya uzembe. Amefuata sheria aliyofundishwa kwa miaka saba. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba lugha hii imechagua sheria nyingine. Kumkata alama peke yake hakumwambii hilo.

Nirudi kwenye “sign”, maana ni neno zuri sana la kuanzia na nimeliona likifungua darasa zima. Mwalimu analiandika katikati ya ubao na kuwaambia wanafunzi walitamke. Wanalitamka vizuri, bila g. Kisha anauliza: nani anajua neno jingine la Kiingereza lenye herufi hizi nne ndani yake? Kwa kawaida kimya hakidumu. Mmoja atasema “signature”, kwa sababu amewahi kuona mahali pa kutia saini kwenye fomu. Mwingine “signal”. Mwalimu anayapanga chini ya lile la kwanza, sign juu ya sign, ili mzizi usimame kama nguzo. Anawaambia wasome kwa sauti. G inasikika! Ndipo anaongeza “resign” na “resignation”, “design” na “designate”, na wanafunzi wenyewe wanaanza kuona kwamba g hujificha neno linapoishia hapo na hujitokeza likiongezwa kiambishi kama -al au -ature. Mwalimu anawaambia neno la Kilatini “signum” lilikuwa na maana ya alama, kisha anawauliza alama inaingiaje katika kila neno ubaoni. Saini ni alama ya mtu. Ishara ya barabarani ni alama. Anayebuni ramani ya nyumba anaweka alama kwenye karatasi. “Resign” itawasumbua kidogo, na ni vizuri iwasumbue; Warumi walilitumia neno hilo kwa kufuta au kubatilisha kilichotiwa alama, na kutoka hapo mpaka kuachia kazi si mbali.

Dakika thelathini zimepita. Darasa limejifunza kuandika maneno saba na kuyaelewa, na hakuna aliyekariri.

Wataalamu wa isimu walilisema jambo hili zamani. Mwaka 1968 Noam Chomsky na Morris Halle, katika kitabu chao The Sound Pattern of English, walidai kwamba tahajia ya Kiingereza iko karibu na mfumo bora kabisa unaoweza kuifaa lugha hiyo. Mwaka 1970 Carol Chomsky, mkewe Noam, aliandika makala katika jarida la Harvard Educational Review akionyesha maana ya hoja hiyo kwa mwalimu wa darasani, na mwaka huohuo Richard Venezky alichapisha uchambuzi wake wa muundo wa tahajia hiyo. Nadhani Chomsky na Halle walizidisha chumvi. Neno kama “colonel”, linaloandikwa kwa l na kutamkwa kana kwamba ni r, haliwezi kuitwa bora na mtu yeyote aliyewahi kulifundisha. Lakini mwelekeo wao ulikuwa sahihi, na inasikitisha kwamba zaidi ya nusu karne baadaye mafunzo mengi ya ualimu bado yanaipitia tahajia kwa imla na orodha.

Faida imepimwa. Mwaka 2010 Peter Bowers, John Kirby na Hélène Deacon wa Kanada walikusanya tafiti 22 zilizochunguza ufundishaji wa mizizi na viambishi, wakakuta kwamba unasaidia, na kwamba wanaonufaika zaidi ni wasomaji dhaifu. Hilo la mwisho ningependa walimu walisome mara mbili. Tumezoea kudhani kwamba habari za mizizi na asili ya maneno ni mapambo ya wanafunzi hodari, wale wa mkondo wa kwanza. Kumbe anayehitaji zaidi kuonyeshwa mfumo ni yule ambaye hawezi kuugundua peke yake. Na ukubwa wa kazi hauruhusu njia ya orodha. William Nagy na Richard Anderson walikadiria mwaka 1984 kwamba vitabu vya shule za Marekani, kuanzia darasa la tatu hadi la tisa, vina familia za maneno zipatazo 88,500. Orodha ya maneno kumi ya imla kila Ijumaa haifiki popote katika bahari hiyo.

Lakini mzizi peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Kiingereza kimekusanya maneno kutoka kwingi, na mwandiko wa neno mara nyingi unaonyesha lilikotoka. Tabaka la chini kabisa ni la Waanglo-Saksoni: maneno mafupi ya nyumbani, ya mwili, ya shamba na mifugo. Humo ndimo zilimo herufi zinazowakera wanafunzi, kama k ya “knife” na “knee”, na gh ya “night”. Herufi hizo hazikuwekwa kwa utani. Zilitamkwa zote. K ya “knife” ilisikika kabla ya n, na gh ya “night” ilikuwa sauti inayokaribiana na kh yetu ya “Sheikh”; Wajerumani bado wanaitamka katika neno lao la usiku, “Nacht”. William Caxton alipofungua kiwanda cha kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, maandishi yakaanza kutulia katika umbo moja, huku matamshi, hasa ya irabu ndefu, yakiendelea kubadilika kwa vizazi kadhaa. Wino ulikauka, ndimi hazikusubiri.

Juu ya tabaka hilo, uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066 ulimwaga Kifaransa cha watawala, mahakama na majiko ya wakubwa. Kisha wasomi wakaleta Kilatini na Kigiriki kwa makusudi kabisa. Wengine walikwenda hadi kurekebisha maneno yaliyokuwa yameshazoeleka. “Debt” ilikuwa ikiandikwa “dette”, kama ilivyotoka kwa Wafaransa. Wasomi wakaipachika b ili ikumbushe Kilatini “debitum”. Huo ni ushaufu wa wasomi, lakini umemwachia mwanafunzi msaada mkubwa. Anayesoma utunzaji wa vitabu vya hesabu hukutana na “debit” tangu mwanzo, na humo b inasikika wazi. Mwekee “debt” karibu na “debit” kwenye daftari lake, hatakosea tena. “Island” ni kisa tofauti. Neno ni la Kianglo-Saksoni na halikuwa na s. S iliingizwa na watu waliodhani kwamba neno linatokana na “isle”, ambalo asili yake ni “insula” ya Kilatini. Hapo mwambie mwanafunzi ukweli: hili ni kosa la watu wa zamani, limeganda, tunaishi nalo. Mtoto anayeambiwa ukweli kuhusu makosa machache huamini kwamba mengine yana sababu.

Kwa mwanafunzi wa sekondari wa kwetu tabaka lenye faida ya haraka kuliko yote ni la Kigiriki, kwa sababu ndilo linalojaza vitabu vya sayansi. Neno lenye ph iliyosomwa f, ch iliyosomwa k, au y katikati ya konsonanti, huenda ni la Kigiriki. “Chlorophyll” lina alama zote tatu, na watu wazima waliosoma bado hulikosea. Ligawe: “chloro” ni kijani, “phyll” ni jani. Wanakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, ndio walioliunda mwaka 1817 walipokipa jina kile kinachofanya jani liwe la kijani. “Photosynthesis” ni changa zaidi. Mwanabotania wa Marekani, Charles Barnes, alilipendekeza mwaka 1893. “Photo” ni nuru, “synthesis” ni kuunganisha. Anayejua neno letu la “usanisinuru” ataona kwamba walioliunda walitumia vipande vilevile, usanisi na nuru, wakavipanga kwa kufuata sarufi ya Kiswahili. Ukimwonyesha hivyo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza unampa mambo mawili kwa pamoja. Anajua kwamba maneno ya sayansi yametengenezwa na watu, kwa vipande vinavyojulikana. Na kile kipande “photo” atakikuta tena kwenye “photon” atakapofika fizikia ya juu.

Kiboko naye hutisha kwenye imla. “Hippopotamus”: p mbili ziko wapi, t ni moja au mbili? “Hippo” ni farasi, “potamos” ni mto. P mbili ni za farasi, basi. Mto una p moja na t moja, na mwanafunzi wa historia ataukuta mto huohuo kwenye Mesopotamia, nchi iliyo kati ya mito.

Herufi zinazorudufishwa ndizo zinazowaliza wengi hata baada ya chuo kikuu, na hapa tena Kiswahili kinatangulia. Tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya na nyumba ndefu. Kiambishi cha ngeli hiyo ni n. Mbele ya b kinakuwa m, na mbele ya “refu” kinaibadilisha r kuwa d. Walimu wa Kiswahili huliita jambo hilo usilimisho: sauti moja inafananishwa na jirani yake ili ulimi usipate taabu. Kilatini kilikuwa na tabia hiyohiyo. Kiambishi “in-” cha kukanusha kinabaki hivyo katika “inactive”, kinakuwa “im-” mbele ya p katika “impossible”, “il-” katika “illegal”, “ir-” katika “irregular”. L ya kwanza ya “illegal” ni ya kiambishi, ya pili ni ya “legal”. Kwa nini zisiwe mbili? Kiambishi “ad-” ndicho kigeugeu kuliko vyote, na ndicho kilichotuletea “accommodate”, neno ambalo hata mabango ya nyumba za wageni hulikosea. Ndani yake mna “ad-” iliyogeuka “ac-”, kisha “com-”, kisha “mod”, kipimo au namna, iliyomo pia katika “moderate” na “modify”. Ac, com, mod. C mbili kwa sababu kimoja kinaishia na c na kingine kinaanza nayo. M mbili vivyo hivyo.

Kwa njia hiyohiyo barua nyingi za maombi ya kazi zingeokoka. “Goverment” isiyo na n inaandikwa na mtu anayesikiliza. Anayekumbuka kwamba neno ni “govern” na “-ment” hawezi kuiacha. “Dissapointed” inaandikwa na asiyejua mshono ulipo: ni “dis-” na “appointed”, s moja, p mbili. Kinyume chake, “dissatisfied” ni “dis-” na “satisfied”, kwa hiyo s ni mbili. “Secretary” ina “secret” ndani yake, na si kwa bahati, kwani katibu wa zamani alikuwa mtu wa kutunza siri.

Huko Marekani kuna mashindano ya kitaifa ya tahajia ya watoto yaliyoanza mwaka 1925. Mshiriki akitajiwa neno anaruhusiwa kuuliza maana yake na lugha lilikotoka, na ukiwatazama utaona jinsi swali la asili linavyowasaidia: wakijua ni la Kigiriki wanatafuta ph na y, wakijua ni la Kifaransa wanatarajia herufi za mwisho zisizosikika. Mwaka 2019 watoto wanane walifungana kileleni na wote wakatangazwa washindi. Sipendi sana mashindano kama njia ya kufundisha. Yanamfurahisha aliyekwisha kuweza. Lakini kanuni ile ya kuruhusu swali la asili ingefaa iingie kwenye imla zetu kesho asubuhi.

Njia hii ina hatari zake, na anayeifundisha bila uangalifu anaweza kuharibu. Mtoto anayeanza kusoma anahitaji kwanza sauti na herufi. Mizizi haichukui nafasi ya hatua hiyo. Halafu si kila kinachofanana na kiambishi ni kiambishi. “Uncle” haina “un-” ya kukanusha, na “corner” haina “-er” ya mtendaji. Swali la kumzoesha mwanafunzi ni lilelile tunalomuuliza katika Kiswahili: ukikiondoa kipande hicho, kinachobaki kina maana inayohusiana na neno zima? “Kitabu” inaonekana kuwa na “ki-” ya ngeli, na ndiyo maana wingi wake ukawa vitabu, ingawa Waarabu waliotupa neno hilo hawakuwa na “ki-” yoyote.

Hatari kubwa zaidi ni hadithi za uongo. Bado kuna madarasa yanayofundishwa kwamba “news” ni kifupi cha pande nne za dunia, kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Sivyo. Ni “new” yenye s ya wingi, mambo mapya. Hadithi ile ni tamu na inakumbukwa kirahisi, lakini haimwongozi mwanafunzi kwenye neno jingine lolote, wakati “new” inampeleka kwenye “newly”, “renew” na “renewable”, ambayo ataikuta kwenye jiografia panapozungumziwa nishati. Mwalimu asiye na uhakika wa asili ya neno aliache, achukue jingine. Kamusi kubwa ya Kiingereza hueleza asili mwishoni au mwanzoni mwa kidahizo, kwa herufi ndogo ambazo wengi huziruka.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni asianze na orodha ya mizizi kutoka kwenye kitabu cha Wazungu. Afungue kitabu cha baiolojia au jiografia cha Kidato cha Kwanza kwenye mada ya wiki hiyo, achague neno moja lililowashinda wengi, kisha atafute ndugu zake watatu au wanne wanaoweza kukutwa shuleni mwaka huohuo. Wiki ya volkano neno ni “erupt”. “Rupt” ni kupasuka au kuvunjika. “E-” ni kutoka nje. Chini yake waandike “interrupt”, kuvunja mazungumzo katikati, wahesabu r zake na waeleze kila moja imetoka upande gani. Kisha “corruption”, ambalo wameliona kwenye mabango ya ofisi za umma tangu wakiwa wadogo, na “bankrupt”. Daftari la msamiati lisiwe na safu mbili za neno na tafsiri. Kila mzizi upewe ukurasa wake, na nafasi nyeupe iachwe chini, kwa sababu maneno mengine yataendelea kuja hadi Kidato cha Nne.